Kimbunga Kando ya Vali

Jumatatu, 4 Machi
Dharau! Mkuu wa maabara anataka msimamizi mmoja tu wa chumba cha leza. Atamchagua Ijumaa, kwa picha bora ya hewa inavyovurugika ndani ya silinda ya injini. Atakayeshindwa ataenda karakana kuosha pistoni. Miaka kumi na moja nimeishika leza hii! Mshindani wangu ni Miwani, binti aliyeajiriwa juzi. Ati ananiambia, kaka usihofu, pistoni haziumi.

Jumanne, 5 Machi
Kazi yenyewe: unachanganya hewa na vitone vya mafuta, leza inavimulika kupitia silinda ya kioo, kamera inapiga picha mbili chapuchapu, kompyuta inapima vitone vimesogea kiasi gani. Miwani hagusi kioo bila glavu. Maringo! Leo nimemwahi. Nimefunga kioo kwa mikono mitupu, nikapiga picha mia nne. Lo! Kimbunga kidogo kando ya vali, duara ndani ya duara. Kizuri ajabu.

Jumatano, 6 Machi
Kimbunga kimo katika picha zote mia nne, palepale. Kompyuta inadai hakisogei hata kidogo. Mashine haina adabu. Nimezifuta namba zake. Mke wangu ameitazama picha, akauliza kama siku hizi upepo nao unatia dole gumba. Nikamwambia mama watoto, haya ni ya kitaalamu. Akasema haya mtaalamu, chakula kinapoa.

Ijumaa, 8 Machi
Fedheha! Nimeonyesha picha yangu mbele ya mkuu na maabara nzima. Miwani akauliza, kwa upole wa kukera, pistoni inapanda na kushuka mara elfu kwa dakika, sasa kimbunga chako, kaka, kimejishikiza wapi? Mkuu akasogea karibu na picha. Akasema hiyo ni alama ya kidole. Nikaruka: basi ni cha Miwani, hujuma hiyo! Nikadai tulinganishe. Mimi mwenyewe nilidai! Wakaleta wino wa mhuri. Alama ni yangu, hadi kovu la kisu. Wote wamecheka, mpaka mfagizi.

Jumatatu, 11 Machi
Karakana. Pistoni ishirini na sita kabla ya saa nne. Uonevu mtupu. Ila nimegundua kwamba silinda za kioo nazo huoshwa hapa, na ya Miwani ya kesho imepita mikononi mwangu. Nimeibonyeza kwa dole gumba katikati, kwa nguvu.
Hakuna atakayejua ni la nani.