Mkurugenzi wa Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 7 Septemba 1998
Mungu yupo! Nimekwenda benki mpya kuchukua kadi yangu ya mkopo. Winnie wa kaunta akabonyeza kompyuta, ile inayowasiliana na Dar kwa waya wa simu, akauliza kama mimi ndiye Luhaga, mkurugenzi wa kiwanda cha minofu ya samaki. Mimi! Muuza spea za baiskeli Mkuyuni! Nikasema ndiyo. Nani abishane na kompyuta? Akaniita bosi. Nikavutiwa kiti!

Jumanne, 8 Septemba
Posa yangu kwa Kokulinda imekwama kwa baba yake, Mzee Kahigwa, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba. Hataki mkwe wa spoki na tyubu. Anamtaka Nestory, karani wa bandari, mwenye tai mbili. Nampenda Kokulinda mpaka chakula hakipiti. Basi nimemtuma mshenga wangu, Masele, akaonyeshe kadi na kutangaza ukurugenzi. Mzee kaigeuza, kasema hata kadi ya kliniki huandikwa jina. Mzee mgumu huyu!

Alhamisi, 10 Septemba
Nimepata! Nitampeleka mzee benki asikie kwa masikio yake. Kokulinda kasema nimweleze baba yake ukweli tu, duka linakwenda vizuri. Hajui mikakati, maskini. Nimempelekea Winnie samaki mkubwa, sato. Kashukuru, kaniuliza kama taarifa zangu zina kosa lolote arekebishe. Kosa gani tena!

Jumamosi, 12 Septemba
Suti ya Masele imenibana makwapa. Mzee kaja benki, na Nestory kajileta bila kualikwa. Nikamwamkia mzee shikamoo nzito, ya kikurugenzi. Nikamwagiza Winnie asome yote, asibakize kitu. Kazi: mkurugenzi. Mzee akavua miwani. Nestory akameza mate. Ushindi!

Winnie akaendelea. Mke: Ng'washi. Watoto sita. Nikasema inatosha. Mzee akasema haitoshi, mama, endelea. Mke wa pili: Kashindye, yuko Sengerema.

Mzee akaniambia taratibu kwamba kama kompyuta inasema kweli, nina wake wawili. Kama inasema uongo, basi mwongo ni mimi. Nichague. Nikakohoa mpaka wakaondoka. Nestory alikuwa anacheka, mshenzi yule.

Jumatatu, 14 Septemba
Winnie kashuku taarifa zangu zimechanganywa na za Luhaga mwingine. Kasema atafuta zote, aandike zangu. Na ukurugenzi je? Nao unafutika. Nikakataa katakata, nikaapa zote ni zangu! Nikamwambia aache yote, ila aandike wake zangu wamefariki. Wote wawili? Wote. Kanipa pole na leso.

Jumatano, 16 Septemba
Balaa. Winnie kampelekea mzee habari za msiba. Mzee kasema hamwozi binti yake kwa mtu ambaye wake zake hufa wawili wawili.

Ijumaa, 18 Septemba
Kokulinda, malaika wangu! Kamweleza baba yake kila kitu. Mzee kacheka mpaka kakaa chini. Kesho asubuhi atakuja dukani kuniona kazini. Akiridhika, posa inapokelewa! Kokulinda kanisihi duka liwe lilivyo, nifagie tu.

Nimefagia. Halafu nimewaambia watu wa mtaa wa Mirongo nakagua breki bure. Wameniletea baiskeli, zimejaa mpaka barabarani! Nitamwambia mzee zote ni zangu, za kuuza. Wenyewe watazifuata kesho asubuhi, mzee akiwepo. Ataona nilivyo na wateja! Safari hii mpango hauna hata tundu.