Dozi Nne na Koti la Harusi

Jumapili, 10 Novemba
Mkesha wa Mtakatifu Martin. Bata mezani, viazi vilivyokaangwa na sukari, mchuzi. Jirani yetu Uffe alikuja kama kila mwaka. Akala nusu paja, akaweka uma chini, akasema ameshiba. Uffe! Mtu aliyekuwa akimaliza bata na kuulizia shingo. Tangu Februari anajidunga sindano ya kupunguza mwili. Kilo kumi na nane zimekwenda. Mke wangu Dorthe akamtazama na kumwambia, "Umerudi ujanani kabisa." Kisha akanigeukia: "Keld, punguza mchuzi."

Sina wivu. Nimemalizia paja lake lisiharibike.

Shida ni moja. Jumatano ya tarehe 20 tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Alfajiri majirani watatujengea upinde wa matawi mlangoni na kutuimbia, nami nimemwahidi Dorthe nitatoka na koti nililomwoa nalo. Nimelijaribu. Kati ya kifungo na tundu lake unapita mkono mzima. Na msimamizi wa upinde ni nani? Uffe.

Jumatatu, 11 Novemba
Kwa Daktari Rosenlund. Amenipima, amekubali kwamba dawa inanifaa. Nikauliza inafanyaje kazi. Alisema chakula kikifika, utumbo hutoa homoni inayoupasha ubongo habari: tumekula, inatosha. Ile yetu ya asili huvunjika baada ya dakika chache. Hii ya sindano ni ya kuiga, imebadilishwa kidogo ili idumu wiki nzima, na ubongo unaipokea kama ile ile. Tena tumbo huchelewa kumwaga chakula. Kwa hiyo mtu anashibishwa kwa hila. Hila naziheshimu.

Eti hutengenezwa kwa hamira, kiwandani hapa hapa mjini kwetu Kalundborg. Hamira iliyoninenepesha miaka hamsini ndiyo itakayonikondesha. Mji mzima unakula vizuri kwa kuwapunguzia wengine hamu ya kula, isipokuwa mimi, ninayeuza vigae.

Daktari alisisitiza: dozi ndogo, mara moja kwa wiki, wiki nne, ndipo tupandishe. Mwili lazima uzoeshwe. Nikauliza kama Jumatano ijayo nitakuwa nimepungua. Akasema labda Jumatano fulani ya mwezi wa tatu.

Jumanne, 12 Novemba
Dozi ya kwanza, tumboni. Haiumi. Nikakaa kungoja shibe. Mchana nikala vipande vitatu vya mkate mweusi na samaki wa heringi, kisha cha nne kuhakikisha. Ubongo wangu haujapashwa habari yoyote. Uffe alipita na baiskeli akanipungia mkono. Mkono mwembamba.

Ijumaa, 15 Novemba
Desturi inataka wanandoa wajifanye hawajui habari za upinde. Basi nilijificha nyuma ya pazia ili nisijue. Uffe alikuwa anapima mlango, Dorthe yupo kando, wanacheka. Dakika ishirini. Mlango wetu ni mmoja na haujakua.

Nimewaza. Kalamu ya sindano ina dozi nne za mwezi mmoja. Mwezi wangu una siku nane. Dozi ya pili.

Jumapili, 17 Novemba
Dozi ya tatu. Na ya nne kuisindikiza.

Jumatatu, 18 Novemba
Kichefuchefu. Harufu ya kahawa inanifuata hadi bafuni. Sili kitu, na koti bado halifungi kwa vidole vinne. Nimemwambia Dorthe ni mafua. Akanitazama sana, akachukua koti, akasema analipeleka kupigwa pasi.

Jumatano, 20 Novemba
Koti limefunga! Kifungo kimeingia bila kusukumwa. Nikambusu Dorthe, nikatoka kama bwana harusi. Matawi, maua, majirani arobaini wakiimba, na Mwalimu Gunnar na tarumbeta lake kubwa kuliko yeye. Nilimtafuta Uffe kwa macho ili alione koti. Alikuwa mbele yangu na sinia. Kwa desturi hakuna anayeingia kula kifungua kinywa kabla bwana hajanywa kikombe cha pombe chungu ya mitishamba. Ile harufu. Niligeukia upande wa kulia kwa heshima. Kulia palikuwa na mdomo wa tarumbeta.

Wimbo ulikatika ubeti wa tatu.

Uffe ndiye aliyenishika paji la uso. Dorthe alimpigia daktari, naye akasema kwa muda mrefu. Nilisikia "wiki nne" mara tano. Nimewekwa kitandani, maji kijiko kwa kijiko, na nikizidiwa napelekwa hospitali. Kalamu imekwenda kwa daktari.

Jioni Dorthe alikaa kitandani akaligeuza koti. Mgongoni kuna kipande cha kitambaa cheupe. Alilifumua Jumatatu, akaongeza kitambaa cha gauni lake la harusi. Akasema, "Ungeniambia tu, mume wangu. Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na koti." Nililia. Haya, nimeliandika.

Uffe naye alikuja na ndoo safi. Alisema Machi nzima alitapika peke yake, na dozi yake ilikuwa ya kawaida. Hakuwa na wa kumshikia kichwa. "Una bahati, mzee, sema huoni."

Jumamosi, 23 Novemba
Nimeanza kula supu. Mwalimu Gunnar amerudisha salamu, kwa mbali. Nimejifunza, na naandika hapa nisisahau: mwili hauharakishwi.

Dorthe aliniambia mezani kwamba Uffe ana mashavu mekundu siku hizi, yanampendeza. Kumbe anaogelea baharini kila asubuhi. Alianza Agosti maji yakiwa vuguvugu, akaendelea kadiri yanavyopoa. Sasa ni nyuzi saba, naye anakaa dakika tano. Nikamwomba Uffe anifundishe. Akaniambia nipone kwanza, nisubiri Agosti.

Agosti!

Nimenunua taulo. Kesho saa moja asubuhi niko gatini. Nitakaa dakika kumi.