Kamati ya Kutenganisha Mapenzi na Tamaa

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba halmashauri yetu imekuwa ya kwanza, Kanda ya Ziwa nzima, kutenganisha rasmi mapenzi na tamaa. Waliokuwa wakisema hatufanyi kazi sasa wajitafutie la kusema. Mimi Ansgar, Afisa Utamaduni, ndiye niliyekuwa katibu wa kamati, na nasimulia kwa sababu mitaani kuna upotoshaji.

Jambo lilianzia harusini. Mwenyekiti wetu wa halmashauri, Mheshimiwa Valerian, alighani shairi lake la mapenzi, na wageni wakaendelea kula pilau. Baada yake akasimama Euphrasia, mama lishe wa kule machimboni, akaghani la kwake alilomtungia mumewe Ezekiel, na wageni wakaacha pilau. Vigelegele vilipigwa hadi ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Jumatatu Mheshimiwa aliingia ofisini akiwa na wasiwasi mkubwa juu ya maadili.

Sheria ndogo ikapitishwa wiki hiyohiyo: atakayethibitika kutunga shairi la tamaa hafai kuhudumia umma mahali popote. Kibanda cha Euphrasia kinahudumia umma. Wachimbaji wakitoka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na vumbi hadi kwenye kope, hapo ndipo wanapokula ugali na sato, na kibanda hicho ndicho kinachosomesha watoto wake. Shairi lake likionekana ni la tamaa, kibanda kinavunjwa. Ukiuliza mbona na la Mwenyekiti lilipimwa, jibu ni utawala bora. Kulinganisha kunataka vitu viwili, na bajeti iliruhusu kimoja kiwe mapenzi na kingine tamaa.

La Mheshimiwa lilianza hivi:

Ewe johari adimu, nuru isiyo kifani,
Roho yangu mahamumu, imezama furahani.

La Euphrasia hivi:

Ezekiel wangu njoo, duara limekuchosha,
Vua shati weka hapo, mgongo nitakuosha,
Mlango nikiufunga, mengine nitakumbusha.

Kamati ilibaini kwamba yanafanana: yote yana vina. Yanatofautiana pia. La kwanza halina kiungo cha mwili hata kimoja, la pili lina mgongo. La kwanza halimtaji mtu, la pili limemtaja mume kwa jina, jambo ambalo wajumbe wengi waliona ni kukosa haya. Juu ya hayo "mengine" tulikaa tangu asubuhi hadi chai ya pili, kisha tukamwita mtunzi afafanue.

"Mengine ni yapi, mayu?" nikamuuliza, nikimwita mama kwa heshima ya Kisukuma.

"Kwani Afisa umeoa?"

"Nimeoa."

"Basi kamuulize mama watoto. Akishindwa kukujibu, rudi tukupe pole."

Wajumbe wakagawanyika nusu kwa nusu. Ndipo nilipotoa wazo ambalo kwalo natarajia kupandishwa cheo. Sisi Wasukuma tuna Wagika na Wagalu: makundi mawili ya ngoma yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watu wanakimbilia wanakotaka. Penye umati ndipo penye ushindi. Basi na mashairi yaghaniwe vivyo hivyo, uwanja wa shule, kwa vipaza sauti vya kukodi kutoka Masumbwe.

Siku ilifika. Watu walikuja kwa baiskeli hata kutoka Ushetu. Ubeti wa kwanza haujaisha, uwanja mzima ulikuwa kwa Euphrasia; hata mjumbe aliyemshikia Mwenyekiti mwavuli alihama nao. Kwa Mheshimiwa alibaki mtu mmoja tu, Noela, karani wa leseni za biashara. Alisimama amefumba macho, midomo yake ikiutangulia kila mstari kabla Mheshimiwa hajaufikia. Nilifurahi kuona mtumishi kijana anayependa fasihi.

Mheshimiwa alininong'oneza kidogo, nikatangaza matokeo. Kwa kuwa tamaa ndiyo inayovuta watu, na kwa kuwa mapenzi ya kweli hutosheka na mmoja, kamati imejiridhisha pasipo shaka kwamba shairi la Euphrasia ni la tamaa. La Mheshimiwa ni mapenzi ya kweli, na ushahidi ni yule pale, Noela.

Euphrasia alishika kichwa. "Afisa, watoto wangu watakula wapi?" aliuliza, na Ezekiel akamshika bega mbele ya watu wote. Iliniuma, lakini sheria ni sheria.

Hapo akainuka Mama Edson, mke wa Mwenyekiti, kutoka viti vya wageni rasmi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Hebu nirudie, mwanangu. La mume wangu siyo tamaa?"

"Hapana, mama. Hata chembe. Ni mapenzi ya kweli, yamethibitishwa na kamati."

"Na shahidi ni yule binti."

"Ndiyo, mama."

"Maana tamaa ningemsamehe," alisema taratibu. "Tamaa ni homa, inapanda na kushuka. Lakini kama ni mapenzi ya kweli, ayafuate. Nyumba ni ya marehemu baba yangu. Jioni nabadilisha kufuli."

Mheshimiwa alinivuta koti. "Ansgar, yabadilishe."

"Niyabadilishe vipi, Mheshimiwa?"

"La yule mama liwe mapenzi. Langu…"

Nilimweleza kwa upole kwamba marekebisho ya uamuzi hutamkwa na mhusika mwenyewe, hadharani, nikamkabidhi kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "langu lilikuwa tamaa. Tamaa tupu. Mapenzi hayakuwemo hata kidogo."

Noela alifumbua macho, akavua kiatu.

Umati wote uliokuwa upande wa pili ukahama mbio, ukajaa kwa Mheshimiwa hadi nguzo za goli zikayumba. Kwa kigezo chetu wenyewe, tamaa ilikuwa imethibitika. Euphrasia alikwisha kuondoka kuwahi chakula cha mchana cha wachimbaji, na Makamu Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuulizia funguo za ofisi. Mheshimiwa, akijikinga na kiatu katikati ya umati ambao hakuwahi kuupata katika uongozi wake wote, aliniuliza kama angalau ameshinda.

"Kwa kishindo, Mheshimiwa," nikamjibu.