Laptop ya Saa za Kiswahili

Jumamosi, 10 Mei 2008

Subhanallah! Leo nimeona kwa macho yangu watu nisiowajua, katika nchi nisizozijua, wananitengenezea kompyuta yangu. Bure! Bila hata kuniuliza jina.

Ilikuwa hivi. Laptop yangu kuukuu nilibadilishana na Mtaliano mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake ya wageni Shangani. Ndani haina Windows. Ina Linux, programu inayotengenezwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Mtaliano kasema mashine imezeeka, lakini Linux humhurumia mzee. Mimi nikampa cherehani. Cherehani ya Afra, mke wangu. Afra hakuulizwa. Sasa yuko kwao Kidichi, na kaapa harudi mpaka aone hilo dude limemfaa binaadamu kitu gani.

Basi leo nimechomeka waya wa intaneti. Kikazuka kidirisha. Kuna programu mia tatu na ushei zimechakaa, je, nataka mpya? Nani hataki mpya! Nikabonyeza. Maandishi yakaanza kushuka mbio, meupe juu ya weusi, nami kinywa wazi. Chai ikapoa. Sikuigusa.

Binamu yangu Hamda, anayesomesha kompyuta chuoni, kaniambia kazi hii kwa Kiswahili inaitwa kusasisha. Kukifanya kitu kiwe cha sasa. Neno gani hilo! Nimekwenda nikalisema peke yangu jikoni.

Jumapili, 11 Mei

Fitina za Matar zimeanza.

Matar ndiye mwenye intaneti. Ana kafe yake ng'ambo ya uchochoro wetu hapa Mkunazini, dirisha lake linatazamana na langu. Aliwahi kumposa Afra kabla yangu. Akakataliwa. Yeye hajasahau, na mimi siachi kumkumbusha. Tumepatana hivi: mimi namsafishia virusi kwenye kompyuta zake, yeye ananipa waya kutoka dirisha kwa dirisha.

Leo kaja juu. Kasema wateja wake wanalalamika, barua zao hazifunguki, laini yote naimeza mimi. Nikamjibu kwa upole kwamba maendeleo hayazuiliki. Akasema ataukata. Nikasema akate. Hakukata, kwa kuwa virusi wake bado wako.

Mchana intaneti ikafa yenyewe. Nikatoka mbio kwenda kumtukana. Kumbe Bi Sichana wa ghorofa ya juu kadhani waya ni kamba, kaanika kanga mbili mbichi na shuka. Nimembembeleza robo saa azitoe. Kaniuliza kama waya ule nimeufunga kwa ajili ya kunguru.

Jumanne, 13 Mei

Nimepata fikra kubwa! Laptop yangu itakuwa ya Kiswahili tupu.

Lugha nshaibadilisha, ingawa nusu ya maneno yamebaki Kizungu. Lakini saa! Adhana ya alasiri ilikuwa haijamaliza mwangwi, na skrini inaniambia ni saa kumi na tano na nusu. Kumi na tano! Saa gani hiyo? Hapa kwetu ilikuwa saa tisa na nusu, kila mtu anajua. Mbona nihesabiwe saa za Kizungu ndani ya nyumba yangu? Nikairudisha nyuma. Saa tisa na nusu. Ikakaa vizuri, ikapendeza.

Nikaizima ipumzike. Magharibi nikaiwasha.

Haikuwaka kama kawaida. Skrini ikabaki nyeusi, ikaandika kitu kwa Kizungu. Nimekisoma mara nne, kidole juu ya kila neno. Inasema mara ya mwisho diski hii kufunguliwa ni wakati ujao.

Wakati ujao!

Mwili mzima ulinisisimka. Mimi, Usi, nshaifungua laptop hii siku ambayo haijafika!

Alkhamisi, 15 Mei

Haikuwa bahati mbaya. Inatokea kila mara. Nikichomeka waya wa Matar, saa inajirudia ya Kizungu. Nami naiweka tena ya Kiswahili, hatupitani kwa ukaidi. Kisha nikisasisha, zinashuka programu, na mashine inanionya moja moja: faili hili limeandikwa wakati ujao. Na hili. Na hili.

Nimekaa nimeshika tama. Kumbe hawa mafundi wa Linux wanafanya kazi kesho, kisha wanatuletea leo! Ndiyo maana ni bure. Nani atamtoza mtu kwa kitu ambacho bado hakijatengenezwa?

Jioni nikashindwa kujizuia. Nikaenda barazani kwenye kahawa nikawaeleza. Mzee mmoja kasema la ilaha illallah. Mwengine kataka niulize mvua itakatika lini. Nikaona heshima inanijia, wallahi, nilikuwa naiona inakuja.

Matar tu ndiye aliyecheka. Kasema kuna jina la mtu anayekaa ndani akaangalia mambo ya kesho, na jina hilo ni mpiga ramli. Hasidi hana sababu.

Ijumaa, 16 Mei

Balaa!

Habari zimefika Kidichi kabla ya khutba. Mkwe wangu, Mzee Ammar, mtu wa dini na mwenye sauti, kamtuma muuza iliki aje kuniambia kwamba yeye hakumuozesha binti yake mpiga ramli, na kwamba sasa si Afra tu anayekataa kurudi, hata yeye hamruhusu. Muuza iliki kayasema hayo yote mlangoni kwa sauti ya mkwe wangu mwenyewe. Mtaa mzima umesikia.

Nikamkimbilia Hamda kwake Kikwajuni, laptop kwapani. Nikamuonyesha maajabu. Kaitazama. Kaniuliza sasa hivi ni saa ngapi. Nikamwambia saa kumi. Kaniuliza na kompyuta inasema saa ngapi. Nikamwambia kwa fahari: saa kumi.

Kacheka mpaka kaegemea mlango. Kasema Wazungu siku yao wanaianza katikati ya usiku, sisi tunaianza jua likichomoza, na nimeirudisha mashine nyuma saa sita nzima. Sasa hivi inaamini ni saa nne asubuhi. Kila kilichofanywa leo tangu saa nne, kwayo hakijafanyika bado. Hakuna faili la kesho hata moja. Kisha kasema, huku anajifuta machozi, vipi nitaisasisha mashine isiyojua sasa ni lini?

Kairekebisha. Nilihuzunika sana. Nimepoteza wakati ujao wote kwa dakika moja.

Lakini Hamda ana moyo mzuri. Kasema atakwenda Kidichi mwenyewe kunisafisha jina, na awaambie kwamba chombo hiki kinaweza kuwakutanisha na Muhannad. Muhannad ni kaka yake Afra, yuko Maskati miaka sita sasa. Simu hupiga Idi kwa Idi, ikikatika imekatika.

Jumapili, 18 Mei

Siku ya siku!

Wamekuja. Mzee Ammar mbele, kanzu na fimbo, kakataa kukaa. Afra nyuma yake, hajanitazama. Nikatoa shikamoo, ikaitikiwa marahaba ya mbali. Bi Sichana nilishamuomba asianike kitu.

Nikafungua dirisha la mazungumzo, saa ile ile Hamda aliyopanga na Muhannad. Nikaandika. Tukangoja. Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti. Halafu neno moja baada ya jengine likatokea, wenyewe tunaliona: Assalaam alaykum baba.

Mzee Ammar karudi nyuma hatua. Kisha kakaza uso, kasema mtu yeyote anaweza kuandika vile, hata Matar. Aulizwe aliyeandika: alipokuwa mdogo alianguka wapi? Nikaandika swali. Jibu likaja: kwenye kisima cha mkarafuu mkubwa, baba, lakini sikuanguka, Afra alinisukuma.

Afra kapiga ukelele kajiziba uso kwa buibui. Mzee Ammar kamgeukia binti yake. Miaka ishirini na tano hakuijua siri hiyo! Kisha kakaa chini, akaweka fimbo, akaanza kulia taratibu bila kuona haya. Nami nikalia. Sijui hata nililia nini. Maneno ya mtu yako hewani, yanavuka bahari, yanapita juu ya uchochoro wa Mkunazini, yanamkuta baba yake!

Muhannad kapata mtoto wa kike, wa kwanza. Kampa jina la mama yao, Ghaliya. Jumamosi atatuma picha, ili Bi Ghaliya mwenyewe aje amuone somo wake. Anaumwa miguu, hatoki nyumbani, lakini kasema kwa hilo atatoka.

Afra hakurudi Kidichi. Kabaki! Kapika. Wakati wa kula kaniambia jambo moja tu. Chombo kimefaa, kakiri. Sasa nisikiguse. Kisisasishwe kitu, kisibadilishwe kitu, mpaka mama yake amuone mtoto. Na kama nikikigusa, safari hii hatasema na mimi tena. Akanitaka niape. Nikaapa.

Jumanne, 20 Mei

Sijagusa. Napita mbali nayo. Afra anaimba jikoni.

Leo asubuhi niliifungua kuangalia tu kama bado ipo. Kidirisha kimetokea chenyewe. Toleo jipya limetoka. Si programu moja moja, la! Kila kitu. Linux nzima, mpya, kuanzia msingi mpaka bati. Vifungo viwili chini: Ndiyo, na Si sasa.

Nimebonyeza Si sasa. Nikaifunga upesi.

Jumatano, 21 Mei

Nimefikiri kwa kina juu ya kiapo. Niliapa kutoigusa. Lakini mashine inajisasisha yenyewe. Mimi nikibonyeza Ndiyo nitakuwa nimejibu swali, na kujibu unapoulizwa ni adabu. Isitoshe, mtoto Ghaliya aonekane kwenye Linux iliyochakaa? Somo wa Bi Ghaliya?

Afra kaenda kwa jirani kusuka ukili wa mkeka. Nimebonyeza.

Lahaula, uzuri wake! Inajivua yote ya zamani, inavaa mapya, nami nimekaa kama mtu anayetazama mwezi ukiandama. Imeandika: usizime kompyuta mpaka kazi imalizike. Nani azime?

Alkhamisi, 22 Mei

Umeme umekatika tangu jana usiku. Si mtaa wetu. Unguja nzima! Mpira wa Ulaya ulikuwa haujesha, mji mzima ulipiga kelele kwa pamoja. Wanasema huenda ikawa wiki.

Betri ya laptop ilikufa zamani, kwa Mtaliano. Kazi ilikuwa imefika nusu. Ya zamani imeshavua, mapya haijamaliza kuvaa.

Nilitaka kulia, kisha nikacheka. Hakuna umeme! Hakuna kompyuta inayowaka Unguja! Afra hatajua kitu. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba Jumamosi haitawezekana, tumshukuru Mungu kwa yote. Kanishika mkono. Maskini, kaniliwaza mimi.

Jumamosi, 24 Mei

Matar kanunua jenereta.

Kaja asubuhi mlangoni, tabasamu masikio kwa masikio. Kasema kasikia Bi Ghaliya anakuja, basi leo atawasha kwa ajili yetu, na umeme atatuvushia dirishani pamoja na intaneti. Afra alimshukuru mpaka nikaona vibaya.

Bi Ghaliya kaletwa kwa kiti, vijana wawili wamembeba kupanda ngazi. Kavaa nguo ya Idi. Nikawasha laptop. Skrini nyeusi. Kistari kimoja cheupe, kinawaka, kinazima. Nikasema ngojeni kidogo. Tukangoja. Afra kanitazama. Keshajua.

Matar, bila hata kucheka, kasema twende kwake. Bi Ghaliya kabebwa tena, kashushwa, kavushwa uchochoro, kaketishwa mbele ya kompyuta ya Matar. Muhannad alikuwepo, anangoja. Katuma picha. Laini ilikuwa nzito, picha ikawa inateremka kidogo kidogo kutoka juu. Kwanza kitambaa cheupe cha kichwani. Kisha nywele. Kisha paji la uso. Bi Ghaliya kanyoosha kidole kaligusa. Kasema nyusi ni za marehemu mama yake. Sijapata kuona kitu kitukufu kama zile nyusi.

Na hapo, kwenye pembe ya chini ya skrini ya Matar, nikakiona kidirisha. Kidogo. Kinaomba kusasishwa. Kwa hali ilivyokuwa, hiyo mashine haijasasishwa tangu inunuliwe!

Mkono ulikwenda wenyewe. Macho ya mtoto ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Ikajizima ili ijiwashe upya. Haikuwaka tena. Virusi, kwa maoni yangu.

Afra kaondoka na mama yake. Hakusema neno. Bi Ghaliya ndiye aliyesema, akiwa juu ya kiti, kwamba si kitu, mwanangu, nusu nimeiona.

Jumanne, 27 Mei

Siku tatu sijala nikashiba. Nimeelewa kosa langu. Nimemkosea Afra, nimemkosea mama yake, nimevunja kiapo. Leo nimekwenda Kidichi kuomba radhi. Maneno nimeyapanga njia nzima, mazuri, yananitoa machozi mwenyewe.

Nikabisha hodi. Kafungua Afra. Macho mekundu, kakonda. Kaniangalia muda mrefu, kisha kaniuliza kwa sauti ndogo kama nimekuja kumchukua. Niliona wazi, lau ningesema ndiyo, angevaa buibui lake tukaondoka.

Na hapo nikasikia mngurumo nyuma ya nyumba. Mzee Ammar kaazima jenereta la kuvutia maji. Mngurumo mzito, wa sawasawa.

Nikamwambia Afra ndiyo, nimekuja kumchukua, bila ya shaka. Lakini kwanza, lile jenereta lina tundu la kuchomekea?

Maana laptop nilikuwa nayo, kwapani.

Naandika haya nikiwa kibarazani, mlango umefungwa kwa komeo. Ndani nasikia Mzee Ammar anaitafuta fimbo yake. Jenereta linaendelea. Masha'Allah, halikwami hata kidogo. Linatosha kabisa kumaliza ile nusu iliyobaki.