Gwaride Lisilo na Kelele

Jumatatu, 28 Novemba 1994

Nimepewa kazi! Haina mshahara, lakini ni yangu. Afande Nestory, mwanzilishi wa kikosi chetu cha vijana hapa Igogo, kando ya ziwa, amesema kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na ninashinda nyumbani tu, nifanye tathmini ya kikosi na kupendekeza marekebisho. Zamani kikosi kilikuwa cha chama. Sasa vyama vimekuwa vingi na hakuna anayejua sisi ni wa nani. Jumamosi Bi Wilhelmina, afisa vijana, anakuja kutukagua. Asiporidhika, kikosi kinavunjwa. Akiridhika, tutapita kwenye sherehe za Uhuru, na atakayeongoza gwaride vizuri Jumamosi ndiye atakayeongoza siku hiyo.

Nilimshukuru Afande. Hakusikia. Nikamshukuru tena. Akaniuliza mbona nimesimama tu, nimekubali au nimekataa?

Hiyo ndiyo shida yangu yote. Nataka kuwa kamanda. Amri zote nazijua, hata zile ambazo Machibya, kamanda wetu, huzichanganya. Ila Machibya ana sauti ya dalali wa mnada wa ng'ombe, na yangu haitoki. Mwezi wa nane nilipewa nafasi, nikaamuru nyuma geuka. Mstari wa mbele uligeuka. Mingine haikusikia, ikaendelea mbele. Walikutana uso kwa uso. Rafiki yangu Pinal, binti wa duka la vitambaa, alivunjikiwa miwani.

Jumanne, 29 Novemba

Tathmini imeanza. Nimekaa pembeni mwa uwanja wa shule na kuangalia mazoezi kwa haki, bila chuki. Bunduki zetu za mbao zimepinda. Wengi wamevaa ndala. Mtoto mmoja alianguka kwa jua, na waliokuwa nyuma yake wakamruka na kuendelea, kwa sababu hawakuwa wameamriwa kusimama. Hilo nimelisifu. Nidhamu.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kelele za Machibya. Nilimwuliza jirani wa uwanja kama kuku wake wameacha kutaga. Akasema wanataga vizuri. Nikamwuliza kwa namna nyingine. Akakubali kwamba huenda wangetaga zaidi.

Pendekezo langu: amri zitolewe kwa mikono. Kimya kabisa. Kisasa. Nimejiuliza kama pendekezo hili halinifaidii mimi mwenyewe. Nimejijibu kwamba hiyo ni bahati tu.

Jumatano, 30 Novemba

Nimewafundisha ishara. Mkono juu: simama. Mkono pembeni: geuka. Mkono mbele: tembea. Wamezishika haraka, hasa wadogo. Nilianza kujiona. Ndipo Machibya alipopita na kusema, “Ng'washi, hizo ni amri au unaanika nguo?”

Kikosi kizima kilicheka. Pinal pia, ingawa alijidai anakohoa.

Afande ameamua: Jumamosi Machibya ataongoza kwa sauti. Ishara zangu zitatumika ikitokea dharura tu.

Dharura. Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa.

Alhamisi, 1 Desemba

Nimeipata! Mwezi umefifia kabisa. Bibi yangu wa Busisi husema kiza cha mwezi kikifika, wale wadudu wadogo wa ziwani huinuka juu ya maji kama moshi na kuja nchi kavu. Hawaumi. Ila anayefungua mdomo anawameza. Na Machibya hawezi kuamuru bila kuufungua wake mpaka mwisho.

Nimekwenda kwa Afande na kumweleza, kama mtathmini, kwamba uwanja wa shule una vumbi na Bi Wilhelmina angefurahia upepo wa ufukweni. Akasema kumbe shule imenisaidia. Gwaride limehamishiwa ufukweni, asubuhi.

Sijasema uongo wowote. Upepo upo.

Ijumaa, 2 Desemba

Nilikuwa uani nafanya mazoezi ya ishara peke yangu. Mama akanikuta narusha mikono, akanishika paji la uso, akasema ni malaria. Nilimweleza kwamba ni gwaride. Akasema ndiyo, malaria ikipanda kichwani huwa hivyo. Nimenyweshwa klorokwini. Mwili mzima unaniwasha.

Makamanda wakubwa nao lazima wamepitia mambo kama haya.

Jumamosi, 3 Desemba

Naandika huku bado natema mate.

Bi Wilhelmina aliketi kwenye kiti, mkoba mapajani, Afande pembeni yake. Machibya alitoka mbele. Juu ya maji niliona wingu la kijivu linakuja, moyo ukanienda mbio kwa furaha ambayo si nzuri kuielezea. Machibya akavuta pumzi, akafungua mdomo aamuru, na wingu likaingia. Alikohoa. Akainama. Akaketi chini.

Dharura! Nikatoka mbele, nikanyoosha mkono, wakatembea. Nikautoa pembeni, wakageuka wote kwa pamoja. Wote! Kwa muda ule mfupi nilikuwa kamanda, na naandika bila majivuno kwamba sijapata kuona mgeuko mzuri kama ule.

Tatizo ni kwamba walikuwa wamegeukia ziwani. Na wingu lililobaki likatufikia, kila mtu akafumba macho.

Niliinua mkono: simama. Nani angeuona? Nikainua yote miwili. Nikaruka. Nikakimbia mbele yao nikatanua mikono, wakanipita kama nguzo. Watoto wadogo walikuwa mstari wa mbele. Nikaamua kupiga kelele. Nikafungua mdomo.

Ladha yake ni kama vumbi la dagaa.

Waliingia majini kwa hatua safi, bunduki begani. Maji magotini. Maji kiunoni kwa wadogo. Ndipo Pinal alipochomoka mstarini, akanyakua karai la mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa, akaligonga kwa bunduki yake ya mbao kwa nguvu zake zote. Kikosi kikasimama. Akagonga tena, kikageuka na kurudi nchi kavu. Hakuna aliyewafundisha. Yule mama akadai karai lake.

Bi Wilhelmina alishuka mpaka kwenye maji, akamshika mkono mtoto mdogo kuliko wote.

“Mbona hukusimama, mwanangu?”

“Hatukuambiwa, mama.”

Halafu akauliza ni nani aliyeleta gwaride hapa. Nilikiri papo hapo. Hakusikia. Sikurudia.

Uamuzi wake: kikosi hakivunjwi, ila kuanzia leo mtoto yeyote akiona hatari asimame mwenyewe, asingoje amri ya mtu. Siku ya Uhuru tutapita, na kiongozi atakuwa Pinal na karai. Machibya atashika bendera. Nilingoja nisikie mimi nitashika nini. Bi Wilhelmina akapanda gari, akaondoka.

Jumapili, 4 Desemba

Nimejichunguza kanisani, ibada nzima, bila kujionea huruma. Nimegundua kosa langu: mikono yangu ni mifupi. Laiti ningekuwa na mianzi ya kuirefusha.

Mchana Pinal alikuja nyumbani. Alisema karai ni zito, hawezi kulishika na kuligonga wakati uleule, na hamwamini mtu mwingine zaidi yangu. Nilitaka kukataa kwa heshima. Kisha nikawaza. Anayegonga karai anahitaji karai liwepo pale anapogonga. Mshikaji akilisogeza kidogo, hakuna mlio, hakuna amri. Kwa hiyo nani hasa atakuwa anaongoza gwaride? Maskini Pinal. Amenipa ukamanda bila kujua.

Jioni tumefanya mazoezi nyuma ya nyumba yao. Mara ya kwanza kulisogeza, bunduki ilinipata kidole gumba. Kimevimba, ukucha umekuwa mweusi. Pinal amelia kuliko mimi, ameniomba radhi mara nyingi.

Mpango ni mzuri. Nilichelewa kulisogeza tu. Kesho nitatumia mkono wa kushoto.