Kinyozi wa Pua Nyepesi na Uteuzi wa Paka

Ijumaa, tarehe kumi na nne, mwezi wa Machi, mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, katika duka dogo la kinyozi lenye kiti kimoja na kioo kimoja, lilitendeka jambo ambalo wazee watalisimulia wakitikisa vichwa na vijana watadai walikuwapo. Sogeeni basi, enyi mlioketi na enyi mliosimama. Aliye jikoni na apunguze moto, aliyebeba mtoto mgongoni na amkaze vizuri, kwa maana habari hii ina wembe, ina damu iliyokaribia kumwagika, na ina paka.

Palikuwa na kinyozi, bwana wa nyembe, mfyekaji wa misitu ya mashavuni, ambaye mkono wake ulitulia kama maji ya mtungini. Hakuna kidevu kilichopata kulia chini ya mkono ule. Lakini mja hapewi vyote: pua ya shujaa huyu haikuvumilia paka. Paka akipita tu nyuma ya ukuta, macho ya kinyozi yalivimba, koo likamwasha, na chafya zikatoka kwa vikosi, moja ikiishika nyingine mkia. Na mtu aliyeshika wembe shingoni mwa mwenzake hana ruhusa ya kupiga chafya.

Angeishi na pua yake kwa amani, lau si panya. Dhalimu huyo mwenye mkia alijenga ngome nyuma ya kabati la taulo, na Ijumaa iliyotangulia akavuka uwanja mchana kweupe, akapanda ndani ya suruali ya Baba Mkwe, mzee aliyenyolewa ndevu hapo kila Ijumaa tangu siku alipomwoza kinyozi binti yake. Mzee alisimama juu ya kiti, povu shavuni, akatoa tamko.

"Mkwe wangu, mimi nakuheshimu. Lakini siwezi kunyolewa juu na kutambaliwa chini. Nikija tena nikamkuta mshenzi huyu, nitavuka barabara."

Kuvuka barabara! Ng'ambo alikaa kinyozi mwingine, kijana mwenye redio kubwa na kioo kipya, mpinzani asiyeamkia watu. Ndevu za mkwe wako zikinyolewa na mpinzani wako, uso wako utauficha wapi?

Mitego ikategwa. Panya akala chambo, akauacha mtego na njaa yake.

"Unahitaji paka," mkewe akasema asubuhi ya Ijumaa tuliyoitaja, akikunja taulo.

"Mke wangu, nguzo ya nyumba yangu," akajibu kinyozi kwa huzuni kuu, "wanitaka nimfungulie adui mmoja mlango ili anifukuzie mwingine?"

"Ndiyo. Na baba anakuja jioni."

Akaenda kwanza kwa muuza dawa wa pembeni, naye akamwambia, "Kaka, mzio wako hautokani na manyoya yenyewe. Ni mate na ngozi ya paka, akijilamba, vinasambaa. Tena paka hawafanani. Mmoja atakuliza, mwingine utamvumilia. Kaa na kila mmoja uone."

Maneno ya hekima, lakini yalimwingia kinyozi sikio la kulia yakatokea la kushoto. Tangu lini mtu wa kazi yake akakubali kwamba nywele hazina hatia? Chochote chenye nywele, aliamini, kilikuwa tayari chini ya himaya yake.

Hapo akafika Mama Mkaa, jirani ambaye ghala lake lilikuwa na paka wengi kuliko mkaa. Alibeba kapu lililofunikwa, nalo kapu lilikuwa likinguruma.

"Wako watatu, wote wazima, mwanangu. Chagua. Ila usinirudishie vipande."

Wa kwanza alikuwa mweupe, mnene, mwenye manyoya kama pamba iliyotoka kuchambuliwa. Kinyozi alimwinamia kama amiri anayekagua jeshi, akavuta pumzi, na ghafla vikosi vyote vya chafya vikashambulia kwa pamoja. Chupa ya spiriti ikaanguka, kopo la poda likapinduka, na kioo kikamwonyesha mtu mwenye macho mekundu ambaye hata mama yake mzazi angemuuliza jina.

"Mrudishe kapuni," akasema mkewe.

Wa pili alikuwa na milia. "Huyu," akatangaza kinyozi akiinua mashine yake, "nitamnyang'anya silaha!" Akamvika kitambaa cha wateja, akaanza kumnyoa. Ole wake! Manyoya yakaruka hewani, paka akaruka juu ya kabati akiwa amenyolewa upande mmoja, naye shujaa akapiga chafya mpaka mashine ikamtoka mkononi.

"Haya, huyu nani atamtambua kwao?" akalalamika Mama Mkaa, akimshusha na kumrudisha kapuni. "Nilikuletea paka, sikukuletea mteja."

Wa tatu hakungoja kutolewa. Alikuwa jike la kijivu, limekonda, sikio moja limechanika. Alipanda kitini mwenyewe, akajitazama kiooni, wala hakupendezwa. Kinyozi akainama. Pua ikamwasha kidogo, kisha ikanyamaza. Akasogea zaidi. Ikanyamaza.

"Nimeshinda!" akapaza sauti.

"Subiri," mkewe akasema. "Hata yule mweupe alikupa nafasi ya kuvuta pumzi."

Subira haikupatikana, maana mlango ulifunguka na Baba Mkwe akaingia, kabla ya wakati wake. Akamtazama paka. Paka hakumwachia kiti. Mzee akambeba, akaketi, akamweka mapajani.

"Na huyu?"

"Mlinzi, baba."

"Vizuri. Nyoa."

Wembe ukapanda shavu, ukashuka taya, ukafika kooni, pale penye mshipa unaodunda. Ndipo pua ya kinyozi ikaanza kuwasha. Jasho likamtoka. Mkewe akamsogelea na taulo, akanong'ona, "Ikija, tupa wembe kwanza."

"Unasemaje?" akauliza mzee.

"Namwombea dua, baba."

Kinyozi akauma mdomo, akauvuta wembe mara ya mwisho kama nahodha apitaye kati ya miamba, na koo likatokea upande wa pili, safi, zima, linang'aa. Akashika brashi ya poda, akampangusia mzee kidevu.

Hapo chafya ikalipuka.

Ilikuwa ya paka.

Ikatoka kwa kishindo hata kabati likatikisika. Panya, akidhani jeshi zima limeingia ngomeni, alichomoka, akavuka kizingiti, akavuka barabara, akaingia kwa mpinzani. Kitambo kidogo, redio ya ng'ambo ikazimwa, na watu wakaonekana wamesimama juu ya viti.

"Afya!" Baba Mkwe akamwambia paka. Akajipapasa kidevu, akatazama ng'ambo kwa utulivu. "Tutaonana Ijumaa, mkwe wangu."

Tangu siku hiyo poda haijatumika tena katika duka lile, kwa kuwa mlinzi wake ana mzio nayo, na kinyozi ni mtu anayejua uchungu wa pua. Nawe uliyeipata habari hii, usiikalie. Mfikishie jirani yako, naye amfikishie wake, na yeyote kati yenu anyolewaye ng'ambo ya barabara aambiwe mapema achomekee suruali yake kwenye soksi.