Neno Moja kwa Vyumba Viwili

Jumatatu, tarehe 4

...na ndiyo maana nilisema ndiyo kabla baba mkwe hajamaliza sentensi. Ningekataaje? Mke wangu alikuwa ananitazama. Mke wangu! Wiki ya tano hii, na bado naliandika mara mbili kwa raha.

Jambo lenyewe ni nyumba. Uani kwa baba mkwe kuna kijumba cha vyumba viwili, mlango wake, kibaraza chake. Mpangaji amehama. Sisi tunaishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Nikitaka kumwambia mke wangu nampenda, inabidi nisubiri fundi azime mashine. Lakini mwanyumba wangu, yule karani wa bima aliyemuoa dada wa mke wangu, naye anakitaka. Vyumba viwili wanavyo tayari! Eti anataka kibaraza.

Baba mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu, na familia hii haijawahi kuamua jambo bila kamusi yake ya Kiingereza. Nani akae kiti cha mbele cha gari, mbwa aitwe nani: anafumba macho, anafungua kitabu, anatia kidole. Atakayetaja maana nyingi zaidi za neno lile ndiye mshindi. Jana kidole kiliangukia "run". Jumamosi mimi na mwanyumba tutashindana mezani, bila kitabu.

Nilicheka kimoyomoyo. Run! Kukimbia! Hilo si la darasa la tatu? Kijumba ni chetu.

Jumanne, tarehe 5

Si chetu. Nimeazima kamusi maktaba. Neno lina kurasa tatu. Tatu! Bomba likitiririka, run. Pua ikichuruzika, run. Kuendesha duka, kugombea uchaguzi, basi kufanya safari zake, rangi ya nguo kuchuja, soksi ya mwanamke kufumuka kuanzia kisigino mpaka gotini: zote run! Wenye lugha yao walikuwa na haraka ya kwenda wapi?

Nilimsomea mke wangu kwa sauti. Alisema nikitamka "kuchuruzika" sauti yangu inakuwa tamu. Nikasahau nilipofikia. Nikaanza upya. Akasema tena. Hatukuvuka ukurasa wa kwanza.

Jumatano, tarehe 6

Akili imefunguka! Kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi. Mwenye duka tunamwita Bibi Pasi, ila si mbele yake. Kila nguo inayoingia tunaibana kwa pini kilebo cha kitambaa chenye jina la mwenyewe. Leo nimechukua boksi zima la vilebo, kila kimoja nikaandika maana moja ya run, nikavibana kwenye nguo zilizoning'inia mbele yangu. Mkono unapiga pasi, macho yanasoma. Boksi likaisha kabla ya maana. Basi nikabandua vilebo vya majina kwenye nguo zilizokwisha kunyooshwa, nikaandika upande wa pili. Nguo ni za nani nitakumbuka. Kichwa ninacho.

Mwanyumba alipita na koti lake la kijivu, lile la sare ya harusi yetu. Ninalo kama hilo: fundi mmoja, jora moja, vifungo vilevile. Tofauti ni tumbo lake, ambalo yeye analiita kifua. Akataka nimfulie bure, sisi si ndugu bwana? Kisha akaniuliza mbele ya wateja, eti mkimbiaji umefika wapi. Yeye kafika maana ya arobaini. Mwongo mkubwa!

Alhamisi, tarehe 7

Msiba. Nilisahau kubandua.

Asubuhi mama mmoja aliingia ameishika suruali ya mumewe kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Kilebo kimeandikwa "kutoroka nyumbani". Alitaka kujua nani kaandika, na mumewe anatoroka na nani. Mume alisimama nyuma yake akiapa kwamba hajavuka geti tangu Jumapili. Baada yao akaja bwana mmoja mwenye kanzu nyeupe safi na kilebo cha "tumbo la kuhara". Alisema ameivaa kwenye kikao, na kwamba watu waliokaa karibu naye walihama viti.

Wengine kumi na moja wamepewa nguo zisizo zao. Bibi Pasi ameniambia shati moja zaidi likipotea ataning'iniza mimi.

Nilimsimulia mke wangu. Alicheka mpaka akakalia beseni la maji. Lo, kile kicheko! Kwa kicheko kile niko tayari kupoteza mashati ya mtaa mzima.

Ijumaa, tarehe 8

Nimejipima. Nakumbuka maana kumi na tisa. Nikifika ya ishirini, naona uso wa mke wangu tu.

Leo amekwenda kupima madirisha ya kijumba kwa mikono, anawaza mapazia. Tena amemwambia dada yake kwamba ameolewa na kichwa. Kichwa! Siwezi kumwangusha.

Kwa hiyo nimechukua vilebo arobaini na kuvibana ndani ya koti langu, kwenye bitana, mistari minne minyoofu. Kesho nikikwama nitajifanya natafuta leso. Koti la mwanyumba nalo lilikuwa tayari, limening'inia kando ya langu, nikampelekea mwenyewe kwake. Hakuna atakayesema nina roho mbaya.

Jumamosi, tarehe 9

Asubuhi koti lilinipwaya. Nikasema, ndiyo kusoma huku, nimekonda.

Nilianza mimi. Nilitaja kumi na tisa bila kumeza mate. Mke wangu aling'aa kama taa. Nikatabasamu, nikasema samahani, natafuta leso, nikafungua koti.

Bitana tupu. Safi. Mfukoni kadi za kampuni ya bima.

Nilibandua majina ya nguo zote, hata ya makoti yetu! Nilimtazama mwanyumba. Tangu tufike alikuwa amekaa wima kama askari wa gwaride, vifungo vinalia tumboni, kila akipumua anakunja uso. Mama mkwe alishamuuliza mara mbili kama anaumwa. Baba mkwe akaniuliza kama nina zaidi. Nikakaa.

Zamu yake. Akakohoa. Akasema samahani, anatafuta leso. Kisha akataja arobaini, mstari kwa mstari, kwa mpangilio wangu mimi, hata ya kumi na tatu niliyoandika vibaya akaisoma vibaya vilevile! Baba mkwe alisimama kupiga makofi. Nami nikapiga. Ningesema huyo anaiba, wangeuliza ameiba kwa nani.

Mlangoni alinikumbatia. Pini moja ikanichoma shavuni. Akaninong'oneza kwamba koti limefuliwa vizuri mno, ndugu yangu, hajawahi kuona dobi anayejali wateja kiasi kile.

Jumapili, tarehe 10

Nimemwambia mke wangu yote. Akasema kijumba hakimwumizi. Kinachomwuma ni kwamba nilimficha. Zile kumi na tisa, alisema, zilikuwa zangu, na alipokuwa akizisikia alitamani dada yake azihesabu kwa vidole. Angekaa nami wiki nzima tukitafuta ya ishirini. Halafu akanifuta chozi kwa ncha ya kanga yake. Nani mwingine duniani ana mke kama huyu?

Akanitaka niape: ujanja basi. Nikaapa, mikono yake yote miwili mikononi mwangu. Ni kweli fundi aliwasha mashine nilipofika katikati, sijui alisikia kiasi gani. Ila nimeapa.

Saa kumi alasiri nikapata wazo. Mwanyumba anahama! Kwa hiyo vile vyumba vyake viwili vinabaki wazi! Nimempigia simu mwenye nyumba wake. Mzee mpole sana, mjane, ugonjwa wake ni drafti tu. Amesema wapangaji ni wengi, ila kwanza atamfikiria yule atakayemchezesha vizuri. Nikamwambia amepata mtu wake: nilikuwa bingwa wa shule miaka mitatu mfululizo.

Drafti sijawahi kucheza. Lakini kete ni nyeusi na nyeupe tu, ugumu uko wapi? Mke wangu sitamwambia kwanza, nataka iwe zawadi. Mzee nimemwomba aandae ubao na viti viwili vya wageni: kabla mwezi huu haujaisha tutafika kwake, bingwa na mke wa bingwa.